Saa Tano Kitini

Treni ya Madaraka inapoondoka Nairobi kwenda Mombasa, watu wa kwanza kufahamiana katika daraja la kawaida ni magoti. Viti vimepangwa vitatu upande mmoja wa njia na viwili upande wa pili, vinatazamana, na meza ndogo iko katikati. Viegemeo havilali. Mwanzoni kila abiria hukaa kistaarabu. Kufika Mtito Andei, miguu imeshaanza kugombea nafasi chini ya meza, na watu wasiojuana hawana budi kukubaliana nani anyooshe na nani akunje.

Behewa la daraja la kawaida lina viti 118. La daraja la kwanza lina 72. Anayeuliza nauli ya juu inanunua nini, jibu ni nafasi, wala si uzuri wa kitambaa.

Wengi hupima kiti kwa kukibonyeza kwa mkono. Kipimo hicho kinadanganya. Mtu akiketi, uzito wa kiwiliwili chake huangukia zaidi ncha mbili ndogo za mifupa ya makalio. Sponji laini kupita kiasi hudidimia mpaka ubao wa chini ukahisika, na mwili uliozama hauna namna ya kujigeuza. Kiti kigumu kiasi, kisichobana nyuma ya mapaja, huweza kulaumiwa dakika kumi za mwanzo kikaja kusifiwa saa mbili baadaye.

Lakini hata kiti kizuri hakimfai anayeng'ang'ania kukaa tu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kukaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi, iwe ndani ya ndege, gari, basi au treni, huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari ni ndogo, kama mmoja kati ya 6,000. Hata hivyo, safari ya Nairobi hadi Mombasa huchukua kama saa tano. Hapo ndipo treni inapolishinda basi: abiria anaweza kunyanyuka, akapita behewa hadi behewa kutafuta chai hata kama hana hamu nayo.

Safari fupi zina hesabu nyingine kabisa. Jijini Dar es Salaam, wakazi waliopanda treni ya Mwakyembe, iliyoanza 2012 na kupewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, hawakuwa wakililia kiegemeo kati ya Ubungo na Stesheni. Hapo kinachotakiwa ni mlango mpana, bomba la kushikilia na mahali pa kusimama bila kukanyagana. Kurundika viti kungewaacha wengine nje.

Tabu huanza treni moja inapofanywa ya mjini na ya mbali kwa pamoja. Huko Uingereza, treni za Thameslink zilizotengenezwa na Siemens na kuanza kazi 2016 hupita katikati ya London zimejaa, kisha huendelea mpaka Brighton. Viti vyake ni vyembamba na vigumu, na abiria hawakukawia kuvibatiza jina: mbao za kupigia pasi.

Wajapani nao wana viti vitatu kwa viwili katika treni zao za kasi za Shinkansen, ila katika treni za N700 kile cha kati, ambacho hakuna anayekitaka, kina upana wa milimita 460 badala ya 440. Safu nzima huzungushwa ili wote watazame mbele, jambo linalowasaidia wanaopata kichefuchefu wakisafiri kinyumenyume.

Kwa treni ya Mombasa, mwenye nafasi ya kuchagua achukue kiti cha katikati ya behewa, kwa kuwa mtikisiko huwa mkali zaidi karibu na magurudumu. Mwenye miguu mirefu akae kando ya njia. Wa dirishani kwenye viti vitatu ataiona mbuga ya Tsavo na tembo wake, ila kila akitaka kwenda msalani itambidi awaamshe wawili.