Gitaa la kuteleza: Sauti ilifika Ziwa Nyasa, picha ikachelewa

Na Mwandishi Wetu, Kyela

MPENZI wa muziki aliyekulia Kyela, Tukuyu au ng'ambo ya Mto Songwe kule Karonga, hahitaji kuelezwa Jim Reeves alikuwa nani. Mwimbaji huyo wa Marekani alifariki dunia katika ajali ya ndege Julai 31, 1964, lakini kila ifikapo Desemba nyimbo zake za Krismasi husikika redioni, madukani na ndani ya mabasi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kusini.

Katika muziki wa aina hiyo, uitwao kantri, ipo sauti moja ambayo wengi huitambua mara moja bila kujua inatokana na chombo gani. Ni sauti nyembamba ya uzi, inayopanda na kushuka bila kukatika, mithili ya mtu anayelia huku akijizuia. Wapo wanaodhani ni fidla, wapo wanaodhani ni kinanda. Kumbe ni gitaa, ila limelazwa.

Makala haya yanaeleza chombo hicho kinavyofanya kazi, jinsi televisheni ya Marekani ilivyokilinda, na jinsi ndugu zake wawili walivyozaliwa katika nchi za Ziwa Nyasa. Yanaeleza pia kwa nini jambo hilo linawahusu watu wa Kyela leo.

Gitaa linalopigwa bila kubonyezwa

Katika gitaa la kawaida, mpigaji hubonyeza uzi kwa kidole hadi uguse kijiti cha chuma kilichopandikizwa kwenye shingo. Kila kijiti kina noti yake. Mpigaji hawezi kukosea sana, kwa sababu kijiti ndicho kinachoamua sauti.

Gitaa la chuma halifuati utaratibu huo. Hulazwa mapajani au juu ya miguu yake yenyewe, uso ukielekea juu. Nyuzi huinuliwa mbali na shingo ili zisiguse kitu. Mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma laini na kukiteleza juu ya nyuzi, wakati mkono wa kulia hudonoa kwa kucha za kuvaa vidoleni. Kipande hicho ndicho kinachobadilisha urefu wa uzi unaolia, na kwa hiyo ndicho kinachobadilisha sauti.

Kwa kuwa hakuna kijiti cha kumsaidia, mpigaji hutegemea sikio na jicho. Akipitiliza kwa unene wa kucha, sauti hutoka nje ya wimbo. Nyuzi nazo hulinganishwa mapema ili zikipigwa wazi zitoe sauti zinazopatana, kwani chuma kilichonyooka hugusa nyuzi kadhaa mahali pamoja na hakiwezi kujikunja kama vidole.

Wamarekani waliondoa sehemu ya ugumu huo kwa kuongeza kanyagio za miguu na wenzo za magoti. Fito zilizofichwa chini ya chombo huvuta baadhi ya nyuzi na kuzipandisha au kuzishusha wakati nyingine zikibaki zilivyo. Aina hiyo kwa kawaida huwa na nyuzi 10 kwa kila shingo. Mwaka 1954 mpigaji Bud Isaacs aliisikilizisha Marekani nzima sauti ya kanyagio katika wimbo wa Webb Pierce uitwao Slowly, na tangu hapo ikawa alama ya muziki wa kantri.

Kutoka visiwa vya Hawaii

Chombo hicho hakikuanzia Nashville. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, kijana wa kisiwa cha Oahu, Hawaii, aliyeanza kuteleza chuma juu ya nyuzi za gitaa katika miaka ya 1880. Mwaka 1904 aliondoka visiwani na kuanza maisha ya kuzunguka akipiga na kufundisha. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliifanya sauti ya Hawaii ipendwe na Marekani yote, na sahani za santuri zikaisambaza duniani.

Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa muziki wa kantri, alirekodi baadhi ya nyimbo zake akisindikizwa na Joe Kaipo, mpigaji kutoka Hawaii. Hata gitaa la umeme lina deni hapo. Gitaa la kwanza la umeme kuuzwa kibiashara, lililotengenezwa na kampuni iliyokuja kujulikana kama Rickenbacker mwanzoni mwa miaka ya 1930, lilikuwa gitaa la Kihawaii la kulaza mapajani. Umbo lake liliwafanya watu waliite kikaango.

Mikono mbele ya kamera

Redio ya Nashville ilianza kurusha kipindi kilichokuja kuitwa Grand Ole Opry mwaka 1925. Ilipofika zama za televisheni, waimbaji wa kantri walipata vipindi vyao wenyewe. Kimojawapo kilikuwa cha Porter Wagoner, cha nusu saa kila wiki, kilichorushwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 1981. Humo ndimo Dolly Parton, aliyejiunga mwaka 1967, alipojulikana kwa taifa zima. Gitaa la chuma lilipigwa na Don Warden.

Vipindi hivyo vilikuwa vya gharama ndogo. Waimbaji walisimama mbele, wapigaji nyuma yao, na matangazo ya biashara yakafuata. Lakini wimbo ulipofika mahali pa gitaa la chuma, kamera iliweza kusogea karibu na mikono. Kijana aliyekaa sebuleni na chombo chake mapajani aliona chuma kinasimama wapi, kinatikiswa vipi, na kiganja kinazimaje uzi usiotakiwa.

Hayo ni mambo ambayo santuri haiwezi kuyafundisha. Sikio hupokea matokeo ya kazi, nalo jicho ndilo linaloona kazi yenyewe ikifanyika. Kwa chombo kisicho na vijiti vya kumwongoza anayejifunza, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Kilichotokea kwa waliosikia tu

Afrika Mashariki ina mfano maarufu wa watu waliopata sauti bila picha. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis nchini Kenya zenye jina Chemirocha. Jina hilo lilikuwa Jimmie Rodgers, lililogeuzwa na ulimi wa Kikipsigis baada ya santuri zake kufika vijijini mwao. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, mwimbaji huyo asiyeonekana alikuwa amegeuka katika wimbo wa wasichana kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala.

Wasichana hao walisindikizwa na kinubi cha kwao, wala hawakujaribu kuiga gitaa lililomo ndani ya santuri. Walichokipokea walikifanya mali yao. Katika miaka ya 2010 rekodi hizo zilirudishwa kwa jamii zilikotoka, zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa.

Huko Kongo nako, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mpigaji Zacharie Elenga, maarufu kwa jina la Jhimmy, alihusishwa na Hawaii hata katika jina lake la kisanii. Kwa hiyo tunapozungumzia gitaa la dansi tulilolirithi kutoka Kongo, upepo wa visiwa vile vya mbali umo ndani yake pia.

Hauyani na babatoni

Mfano ulio karibu zaidi na Kyela uko Malawi. Huko wapigaji walichukua gitaa la kawaida, wakalilaza mapajani, wakalinganisha nyuzi upya na kuteleza kichupa kidogo badala ya chuma. Mtindo huo waliuita hauyani. Msomaji atatambua mara moja neno lililozaa jina hilo.

Bingwa wake aliyeandikwa zaidi ni Daniel Kachamba, aliyezaliwa mwaka 1947, mwenyeji wa eneo la Chileka, karibu na Blantyre. Pamoja na mdogo wake Donald, mpigaji wa filimbi, alianza kurekodiwa na mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, mwaka 1967. Daniel alifariki mwaka 1987. Televisheni ya Malawi ilianza mwaka 1999.

Maana yake ni kwamba mpigaji hodari wa mtelezo katika nchi ile alizaliwa, akapata sifa na kuzikwa kabla nchi yake haijawa na televisheni. Kama si mtafiti mmoja mgeni na wenzake wa Malawi kufanya kazi ya kurekodi, vizazi vya leo vingebaki na hadithi tu.

Ndugu wa pili ni babatoni. Hili ni besi la uzi mmoja lenye shingo ndefu na ngoma ya ngozi ya ng'ombe kama sanduku la sauti. Mpigaji hugonga uzi kwa kijiti na kuteleza chupa tupu ya bia ili kupata noti. Gasper Nali wa Nkhata Bay, mji ulioko kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa hili hili, hupiga babatoni ya urefu wa takriban mita 3 huku mguu wake ukipiga ngoma. Kundi la Madalitso kutoka Lilongwe, la watu wawili tu, limepanda hadi jukwaa la Sauti za Busara, Zanzibar, likiwa na chombo hicho.

Video fupi za Nali ndizo zilizompeleka duniani. Mtazamaji wa Ulaya asiyeelewa neno la wimbo anaona chupa, kijiti na uzi, na mara moja anaelewa kinachofanyika. Kamera imemfanyia Nali kazi ile ile iliyomfanyia Don Warden.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa mtelezo wote umeletwa na santuri. Kubik amezieleza ala za Afrika ya Kati za uzi mmoja zinazopigwa kwa kuteleza kitu kigumu, naye anazihusisha na ala ya uzi mmoja ya Wamarekani weusi wa kusini, ambayo ni mojawapo ya mizizi ya gitaa la kuteleza la blues. Sauti iliyokuja na meli ilikuta masikio yaliyokwisha kuzoea kitu cha namna hiyo.

Kyela inahusikaje

Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu wa lugha moja waliogawanywa na mpaka. Wakati wa ukoloni, wanaume wa Rungwe, ambayo wakati huo ilijumuisha Kyela, walikwenda kufanya kazi katika dhahabu ya Lupa, shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na migodi ya Afrika Kusini. Katika kambi hizo walikutana na Wanyasa, Wabemba na Wazulu. Kote kusini mwa Afrika, gitaa na gramafoni zilikuwa miongoni mwa mizigo ya waliorudi makwao.

Ufuko huu umekwisha kuonyesha unavyopokea sauti ya kigeni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ngoma za mganda na malipenga zilienea katika nchi za ziwa, vijana wakiiga bendi za jeshi kwa vibuyu badala ya tarumbeta za shaba. Tarumbeta zenyewe zilikuwa na bahati nyingine. Wamoraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891, walizifundisha kanisani, mwalimu akikaa na mwanafunzi. Gitaa la kuteleza halikupata kanisa wala shule.

Halikupata televisheni pia. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza. Redio ilifanya kazi kubwa, na kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam ni hazina ya taifa. Lakini kanda haionyeshi kidole. Mzee aliyekuwa na namna yake ya kufunga nyuzi angeweza kurekodiwa studioni na bado akaondoka na siri yake.

Kamera iko mfukoni

Leo kikwazo hicho hakipo tena. Simu ya kawaida inayouzwa Kyela mjini ina kamera inayotosha. Kinachohitajika ni utaratibu.

Anayemrekodi mzee mwenye gitaa, zeze au ala ya uzi mmoja, iwe Ipinda, Matema au Kasumulu, aanze kwa kuomba ruhusa. Kisha amwombe apige kila uzi peke yake ukiwa wazi, ili ulinganisho wake ujulikane. Asogeze kamera kwenye mkono wa kushoto kwa wimbo mmoja mzima, na kwenye mkono wa kulia kwa wimbo wa pili. Aitaje sauti ya tarehe, kijiji na jina la mpigaji ndani ya video yenyewe, kwa sababu maandishi ya pembeni hupotea.

Nakala ibaki kwa familia, nyingine ifikishwe kwa ofisa utamaduni wa halmashauri au taasisi kama TaSUBa ya Bagamoyo. Kazi ikianza kurushwa hadharani, haki za mpigaji zilindwe kwa kusajiliwa COSOTA.

Vipindi vya kantri vya Marekani havikuanzishwa ili kuhifadhi urithi. Viliuza sabuni na dawa. Lakini kwa kuwa kamera ilionyesha mikono, gitaa la chuma lina walimu hata baada ya wapigaji wake kufa. Wazee wa ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa wanastahili japo dakika 10 za namna hiyo, wakati mikono yao ingali ina nguvu.