Swift, Darubini Inayogeuka Kabla Nuru Haijafifia

Swift haina injini. Haina tangi la mafuta, na haiwezi kupanda wala kushuka kwa hiari yake. Roketi ya Delta II iliyoruka kutoka Cape Canaveral, Florida, tarehe 20 Novemba 2004 iliiacha kwenye kimo cha kilomita 600 hivi, na tangu siku hiyo inaizunguka dunia mara moja kwa kila saa moja na nusu. Kitu pekee inachoweza kukifanya kwa mwili wake ni kugeuka. Kwa kugeuka huko imefanya kazi ambayo darubini kubwa kuliko yenyewe, zilizogharimu mabilioni ya dola, hazikuumbiwa kuifanya.

Inageukaje? Tumboni mwake mna magurudumu sita yanayozungushwa kwa umeme wa jua. Gurudumu likiongezwa kasi kuelekea upande mmoja, mwili mzima wa setilaiti, wenye uzito wa karibu tani moja na nusu, huzunguka kuelekea upande wa pili. Setilaiti nyingi hugeuzwa kwa mbinu hiyohiyo, ila zenyewe hungoja ratiba iliyopangwa na watu duniani siku au wiki kadhaa kabla. Swift hujiamulia. Ikihisi tukio jipya angani, kompyuta yake hukadiria mahali lilipo, hukagua kama kugeukia huko hakutaielekeza kwenye jua, kisha huacha ilichokuwa inakitazama na kugeuka. Aghalabu dakika moja au mbili zinatosha. Waliobuni jina lake walimfikiria ndege wa jamii ya teleka, anayekamata wadudu hewani akiwa katika mwendo wa kasi.

Haraka yote hiyo ni kwa ajili ya milipuko ya miali ya gama. Iligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Baada ya mkataba wa 1963 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, Marekani ilirusha setilaiti zilizoitwa Vela ili kuchungulia kama Wasovieti wanautii. Mwezi Julai 1967 Vela zikapokea mmweko wa miali ya gama ambao haukufanana na bomu, na haukutoka duniani wala kwenye jua. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1973. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo wanaastronomia walibishana kama milipuko hiyo inatokea jirani, ndani ya galaksi yetu, au mbali kupita kiasi. Mmweko ulidumu sekunde chache, ukazimika, na hakuna aliyejua ulitoka kwenye nyota gani.

Jibu lilikuja kupitia pwani ya Kenya. Tarehe 28 Februari 1997 setilaiti ya BeppoSAX, ya Italia na Uholanzi, iliona mlipuko, na baada ya muda wa saa nane hivi waongozaji wake wakaielekeza darubini yake ya eksirei mahali palepale. Pakaonekana doa la eksirei lililokuwa likififia. Miali ya gama ilikuwa imekwisha, lakini nyuma yake ulibaki mng'ao hafifu uliodumu kwa siku kadhaa, na kwa mng'ao huo darubini za ardhini zikaanza kupima umbali. Milipuko ilikuwa inatoka kwenye galaksi za mbali sana, mabilioni ya miaka ya nuru kutoka kwetu. BeppoSAX ilizunguka karibu kabisa na mstari wa ikweta, na kituo kilichopokea data zake kilikuwa Malindi.

Hapa inafaa nitue kidogo, maana Malindi tunayofundishwa shuleni ni ya nguzo ya Vasco da Gama, na ile ya matangazo ya utalii ni ya ufukwe na piza za Waitaliano. Kaskazini mwake, Ngomeni, kuna kituo cha anga kinachoitwa jina la Luigi Broglio, mhandisi Mwitaliano aliyekiasisi katika miaka ya 1960. Baharini mbele yake yako majukwaa ya chuma, San Marco na Santa Rita. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka San Marco ikibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kupima eksirei za angani. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi upande wa NASA, akaipa jina Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya chanzo kimojawapo, Cygnus X-1, vilichangia sana kuwashawishi wanaastronomia kwamba mashimo meusi yapo kweli, si hesabu za karatasini tu. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kisayansi wa mradi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Kutoka jukwaa hilohilo ziliruka pia SAS-2 mwaka 1972, Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa sababu ya ufukwe. Roketi inayorushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki huazima kasi ya mzunguko wa dunia yenyewe. Zaidi ya hapo, setilaiti ya eksirei au gama ikibaki karibu na ikweta huepuka kwa kiasi kikubwa eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nguvu zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka chini na kuvivuruga vipimo. Kwa sababu hiyohiyo njia ya Swift iliinamishwa nyuzi 20.6 tu kutoka ikweta, na kwa sababu hiyo kituo cha Malindi huiona ikipita juu mara nyingi kwa siku. Tahadhari za dharura, zile za kusema mlipuko uko wapi, hupitishwa kwenye setilaiti za NASA za kupokezana mawasiliano ili ziwafikie wanaastronomia ndani ya sekunde. Lakini mzigo mkubwa wa data hushushwa Malindi, kisha husafirishwa hadi Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, ambako Swift inaongozwa. Data zenyewe huwekwa wazi kwa yeyote mara zinapochakatwa. Mwanafunzi wa Nairobi au Dodoma mwenye intaneti anaweza kuzipakua bila kuomba ruhusa ya mtu. Ningependa kuona magazeti yetu yakiliandika jambo hilo angalau nusu ya yanavyoandika habari za waigizaji wanaokwenda Malindi likizo.

Turudi kwenye mashine. Swift ni darubini tatu katika gamba moja. Ya kwanza ndiyo mlinzi, nayo hukesha ikitazama karibu sehemu moja ya sita ya anga yote kwa wakati mmoja. Miali ya gama ina nguvu mno kukusanywa kwa kioo au lenzi, hupenya tu. Basi mbele ya vipokezi vyake 32,768 umewekwa uso mpana wenye maelfu ya vigae vidogo vya madini ya risasi, vilivyopangwa bila mpangilio wa kujirudia. Miali ikipita katika matundu, vigae huacha kivuli juu ya vipokezi. Ni kama jua linapopenya dirisha la nakshi la mbao: ukitazama kivuli sakafuni unajua jua liko upande gani bila kuinua kichwa. Kompyuta hufanya hesabu hiyo ndani ya sekunde, na setilaiti huanza kugeuka.

Ikishageuka, darubini mbili nyembamba hushika kazi. Moja ni ya eksirei, na ina historia ninayoipenda: vioo vyake vilitengenezwa Italia kama akiba ya darubini nyingine, JET-X, ambayo haikurushwa kamwe. Vioo vya akiba vya mradi uliokwama vimefanya kazi angani kwa zaidi ya miaka 20. Nyingine ni ya nuru ya kawaida na ya urujuanimno, na kioo chake kina upana wa sentimita 30 tu. Watu wengi wenye darubini za kujifurahishia uani kwao wana kioo cha upana huo. Faida yake ni kuwa juu ya angahewa, na kuwahi kufika.

Kuwahi kumelipa. Mwaka 2005 Swift ilinasa kwa mara ya kwanza mng'ao wa eksirei wa mlipuko wa aina fupi, usiozidi sekunde mbili. Milipuko ya aina hiyo ndiyo inayotokea nyota mbili za nyutroni zinapogongana, tofauti na ile mirefu ambayo ni kilio cha nyota kubwa inayoporomoka kuwa shimo jeusi. Tarehe 19 Machi 2008 iliona mlipuko uliokuwa umbali wa miaka bilioni 7.5 ya nuru, lakini wenye mwangaza mkali kiasi kwamba kwa nusu dakika hivi mtu aliyekuwa gizani, akijua pa kutazama, angeweza kuuona kwa macho matupu. Mlipuko wa 1,000 ulifika Oktoba 2015.

Kuna mara nyingine bahati ndiyo iliyofanya kazi. Tarehe 9 Januari 2008 Alicia Soderberg, wakati huo mtafiti wa Princeton, alikuwa ameiomba Swift itazame nyota iliyokwisha kulipuka katika galaksi ya NGC 2770, umbali wa karibu miaka milioni 90 ya nuru. Data zilipokuja, kando ya nyota aliyoitaka palikuwa na mmweko wa eksirei uliodumu dakika chache. Nyota nyingine katika galaksi ileile ilikuwa imelipuka muda huohuo, darubini ikiwa imeielekea. Wanaastronomia huzigundua nyota zinazolipuka siku kadhaa baadaye, mwangaza wake unapokuwa umekua. Wakati huu walipata dakika ya kwanza yenyewe, wimbi la mlipuko lilipokuwa linatoboa uso wa nyota.

Hata mlinzi mzuri hudanganyika, hasa mwangaza ukiwa mkali mno. Tarehe 9 Oktoba 2022 Swift iliona mwangaza mkali wa eksirei, na mwanzoni ukadhaniwa ni kitu kipya ndani ya galaksi yetu. Kumbe ulikuwa mng'ao wa mlipuko ambao setilaiti ya Fermi ilikuwa imeunasa karibu saa nzima kabla, ambapo Swift ilikuwa imezibwa na dunia. Mlipuko huo ulitokea umbali wa takribani miaka bilioni 2 ya nuru na bado uliitikisa tabaka la juu la angahewa yetu. Makadirio ni kwamba mlipuko wenye mwangaza wa namna hiyo hutufikia mara moja katika miaka 10,000.

Tangu hapo wamekuja wenzake. Einstein Probe ya China ilirushwa Januari 2024, na SVOM, ya China na Ufaransa, Juni mwaka huohuo. Mtu angeweza kusema kizee sasa kipumzike. Tarehe 14 Machi 2025 ilionyesha kwa nini hapana. SVOM iliona mmweko wa gama. Katika saa moja na nusu Swift ilishabainisha kwa usahihi mahali ulipo kwa eksirei. Darubini ya mataifa ya Nordiki iliyoko Visiwa vya Kanari ikaukuta mng'ao wake, na ile kubwa sana ya Ulaya iliyoko Chile ikaupima: nuru hiyo iliondoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 730 tu. Tarehe 1 Julai darubini ya James Webb ikapiga picha, na nyota iliyolipuka ikaonekana, ya kale kuliko zote zilizowahi kuthibitishwa namna hiyo. Sifa nyingi zilikwenda kwa Webb, na ni haki yake. Lakini Webb hutazama kipande kidogo mno cha anga. Bila wa kuionyesha pa kutazama, ingepita pembeni.

Tatizo la kizee ni kwamba kinaanguka. Hata kwenye kimo cha kilomita 600 zimebaki chembe za hewa, na kila mzunguko humpunguzia msafiri mwendo kidogo. Jua linapokuwa na shughuli nyingi, kama lilivyokuwa mwaka 2024, hupasha joto angahewa ya juu, nayo huvimba na kupanda. Swift imeshuka hadi karibu kilomita 400, kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa, na magurudumu yake hayawezi kusaidia lolote. Maradhi mengine iliyapata na yakatibiwa kwa mbali: gurudumu moja lilikufa Januari 2022, ikaendelea na matano, Machi 2024 kifaa kimojawapo cha kuhisi mgeuko kikaharibika, wahandisi wakaandika programu mpya ya kutumia viwili vilivyobaki. Kwa kimo hakuna programu.

Septemba 2025 NASA iliipa kampuni ya Katalyst Space Technologies ya Arizona kandarasi ya dola milioni 30: ipeleke chombo cha roboti kikaishike Swift na kuipandisha, mwaka 2026. Novemba ikatangazwa kwamba chombo hicho kingebebwa na roketi ya Pegasus, ambayo hudondoshwa kutoka tumboni mwa ndege iliyo angani, ndege yenyewe ikiruka kutoka Kwajalein katika Visiwa vya Marshall. Ule mwinamo mdogo wa nyuzi 20.6, uliokuwa neema kwa vipimo, ni adha kwa mwokoaji: kuufikia kutoka Florida kunakula nguvu nyingi za roketi, kwa hiyo bora kuanzia karibu na ikweta.

Darubini ya Hubble ilitembelewa na wanaanga mara tano kati ya 1993 na 2009, lakini Hubble ilitengenezwa ikijulikana kwamba kuna siku watu watakuja kuifungua. Swift haikutengenezwa ishikwe na yeyote. Haina kishikizo, haina tundu la kuunganishia, na sehemu kubwa ya umbo lake ni vitu visivyofaa kuguswa: paneli za jua, na midomo ya darubini ambazo haziponi zikichafuliwa au kupigwa na jua. Kazi waliyopewa wahandisi ni kutafuta, kwenye michoro iliyochorwa zaidi ya miaka 20 iliyopita, sehemu ya kiunzi iliyo imara kiasi cha kukamatwa na kuvutwa juu bila kuvunjika.