Mganga hajigangi: Wanaotuuguza wakati wa mlipuko nao waangaliwe

Machi 21, 2023, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, ni Marburg. Tanzania haikuwa imewahi kuuthibitisha ugonjwa huo. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa ametokea Kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika Juni 2, walikuwa wameugua watu 9 na kufariki 6. Kati ya waliougua, 2 walikuwa wahudumu wa afya, na mmoja wao hakupona.

Idadi hiyo ni ndogo ukiilinganisha na milipuko ya kwingine, na sifa ziwaendee waliouzima ugonjwa mapema. Lakini muuguzi aliyekuwa zamu hakujua kwamba wangeishia 9. Alichojua ni kwamba Marburg haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa, na kwamba katika milipuko iliyopita imeua kati ya asilimia 24 na 88 ya waliougua. Alijua pia kwamba mwenzake ameshazikwa.

Aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21. Dalili za mwanzo ni homa kali, kuumwa kichwa na mwili kuchoka, yaani zilezile za malaria, ugonjwa ambao hapa mkoani Kagera haujatuacha. Kwa hiyo katika siku hizo kila joto la mwili linapopanda mtu huingiwa na hofu. Je, ni mbu, au ni kile alichokishika wodini? Usingizi hauji. Mtoto akikimbilia kumpokea mlangoni, mama inabidi arudi nyuma.

Kijijini mzigo huo ni mzito zaidi, kwa sababu mhudumu ni jirani. Katika kata kama Ngenge, wilayani Muleba, anayewaandikia watu dawa kwenye zahanati ndiye anayekutana nao kanisani, msikitini na sokoni. Uhayani msiba ni wa wote: watu hukaa matanga, hushikana mikono, maiti huoshwa na wa kwao. Ugonjwa kama huu ukiingia, ni yeye anayetumwa kuwaambia wafiwa wasimguse marehemu wao. Analaumiwa kwa kuwanyima haki ya kuzika, na baadaye haohao wanamkwepa wakihofia amebeba maradhi. Anatengwa mara mbili, naye hajafanya lolote ila kazi yake.

Jirani zetu Uganda walilipa gharama kubwa. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Septemba 2022, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 wakafariki. Miongoni mwao alikuwa Mtanzania, Dk. Mohammed Ali, aliyekuwa huko akisomea upasuaji. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa wahudumu wa afya wapatao 115,500 walikufa kwa UVIKO-19 kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Nyuma ya kila aliyekufa kuna wenzake waliorudi zamu kesho yake.

Kagera ina historia ndefu ya kuuguza. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika mkoani hapa mwaka 1983. Yakafuata maafa ya meli ya MV Bukoba mwaka 1996, tetemeko la Septemba 2016 na ajali ya ndege ziwani Novemba 2022, miezi minne tu kabla ya Marburg. Januari 2025 Marburg ikarudi, safari hii Biharamulo. Mara zote tumewaita wahudumu wetu mashujaa. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ina hatari yake: shujaa huona aibu kusema kwamba halali, kwamba analia peke yake, kwamba harufu ya klorini inamrudisha wodini.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Basi tumgange sisi, na maandalizi yaanze kabla mlipuko haujaja. Wilaya ipange zamu fupi zenye mapumziko ya kweli. Posho ya hatari ilipwe kwa wakati, maana deni nyumbani huongeza msongo. Awepo mshauri nasaha ambaye si bosi wa mhudumu, na atakayoyasikia yabaki kwake. Ufuatiliaji usiishe siku ya 21, kwani sonona na kiwewe huweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchini ni nafasi nzuri ya kulianza hili: kila mmoja afundishwe huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kwa ajili ya wanakijiji na kwa ajili ya wenzake.

Nasi wananchi tuna wajibu ambao hauhitaji bajeti. Mhudumu akimaliza siku zake na kuthibitishwa kuwa salama, tumkaribishe barazani, tumpe mkono, tununue ndizi kwenye genge la mkewe. Viongozi wa dini na wenyeviti wa vijiji waseme hivyo hadharani, tena mapema. Mlipuko mwingine ukitokea tutawahitaji watu hawa, na tutawapata wakiwa na nguvu ikiwa tutaanza kuwatunza sasa.