Wimbo ule ule, hukumu mbili

Tulikuwa gatini Kilwa Masoko tukisubiri mashua ya kwenda Kilwa Kisiwani. Kijana mmoja akafungulia wimbo kwenye simu, watu wakatikisa vichwa: "Mkali huu!" Mwenzake akadakia, "Huo si wa mtu, ni wa AI." Hukumu ikageuka pale pale. "Ndiyo maana naona hauna roho," akasema mmoja wa waliokuwa wanausifia. Kumbe wimbo wenyewe kaurekodi jamaa wa hapo hapo Masoko, chumbani kwake, kwa sauti yake.

Kwani masikio yalibadilika? Hapana. Kilichobadilika ni habari kuhusu aliyeutengeneza, na watafiti wameshalipima jambo hili.

Mwaka 2023, Lucas Bellaiche na wenzake walichapisha utafiti wenye mtego. Waliwaonyesha watu picha za sanaa, zote zimetengenezwa na akili mnemba. Ila kila picha ilibandikwa lebo kwa kubahatisha tu: ama ya binadamu, ama ya AI. Zilizopewa lebo ya binadamu zikapata alama za juu zaidi. Kwenye uzuri tofauti ilikuwa ndogo. Kwenye kina cha maana na thamani ndipo pengo lilipopanuka. Yaani tukiulizwa "picha hii ina maana gani?" tunamtafuta mtu aliye nyuma yake.

Kwenye muziki kuna kisa cha zamani kidogo. Mwaka 1997, Chuo Kikuu cha Oregon huko Marekani, wasikilizaji walipigiwa vipande vitatu vya piano: kimoja cha Bach, kimoja cha profesa Steve Larson aliyefuata mtindo wa Bach, na kimoja cha EMI, programu ya kompyuta ya David Cope. Wakaombwa wakisie kipi ni cha nani. Cha EMI wakasema ndicho cha Bach. Cha Larson, mtu na jasho lake, wakasema ndicho cha kompyuta!

Sasa, kumjali mtengenezaji ni ujinga? Sidhani. Ukishuka Kisiwani utasimama chini ya kuba za Msikiti Mkuu ustaajabu, kwa sababu unajua mafundi walichonga matumbawe kwa mikono, yakiwa bado mabichi na laini, karne nyingi zilizopita. Nakala ya plastiki yenye umbo lile lile isingekupandisha mashua. Juhudi na nia ya mtu ni sehemu ya kile tunachokithamini.

Tatizo ni kwamba tunakisia vibaya. Programu za leo zinatoa wimbo mzima, sauti na vyombo, kwa kuandikiwa maneno machache tu. Matokeo yake kila kazi safi inashukiwa. Na anayeumia zaidi si staa mwenye jina, ni yule msanii wa Kilwa au Lindi ambaye ndiyo kwanza anaanza kusikika.

Kwa hiyo ukisikia wimbo, tenga maswali mawili: "Umenigusa?" na "Nani kautengeneza?" La kwanza masikio yako yanatosha. La pili usilijibu kwa masikio, uliza. Jamaa wa Masoko anaimba kwenye harusi, nenda kamsikilize.