Mapenzi na Mungu mu albamu moja
Kwetu Katanga, mukristo akimwimbia bibi yake, watu wanasema mara moja: ile ni miziki ya dunia. Juan Luis Guerra, mukristo wa Jamhuri ya Dominika, aliweka yote pamoja mu albamu yake ya 2014, Todo tiene su hora, maana yake "kila jambo lina saa yake", kama mu kitabu cha Muhubiri. Mwaka 2015 njo ilipata Latin Grammy ya albamu ya mwaka.

Tus besos ni wimbo wa mabusu, bachata ya polepole ya kucheza na mama ya watoto. En el cielo no hay hospital unamusifu Mungu anayeponyesha: mbinguni hakuna hospitali. Bandugu wa mugodi, wenye vumbi mu kifua watausikia vizuri. Miye naitika amina, lakini huku chini daktari na dawa kampuni itoe, na saa yake ni sasa.

Tena Guerra si mugeni kwetu. El costo de la vida, wimbo wake wa 1992 juu ya maisha kuwa ghali, aliutoa mu Kimia Eve ya Diblo Dibala, mpiga gitaa wetu wa Kongo. Basi mukipiga albamu hii siku ya Mungu kisha misa, musishangae wazee wakisimama kucheza.