Taa za gari zinazowaka na kuzimika Luhwindja: Angalia waya kabla ya kununua balbu nyingine

LUHWINDJA, Kivu Kusini – Giza halichelewi kwenye milima ya Luhwindja. Mwaka mzima jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni, na kuanzia Septemba hadi Mei mvua na ukungu huzidisha giza hilo. Katika usultani huu wa wilaya ya Mwenga, kusini-magharibi mwa Bukavu, dereva anayemkimbiza mgonjwa usiku hana nguzo za taa barabarani. Tegemeo lake ni taa mbili za mbele za gari lake.

Hata hivyo, taa hizo mara nyingi si zile zilizotoka na gari kiwandani. Magari mengi ya huku ni Toyota zilizotumika Japani, na balbu zake za asili za halojeni zimebadilishwa kwa balbu za LED zinazouzwa madukani. Siku za kwanza mwanga ni mweupe na mkali. Baadaye taa inaanza kuchezacheza, inazimika kwenye shimo, kisha inawaka tena. Mwenye gari anakwenda kununua balbu nyingine, na wiki chache baadaye tatizo ni lile lile.

Mara nyingi kosa haliko kwenye balbu. Liko nyuma yake.

Moja au zote mbili?

Swali la kwanza halihitaji chombo chochote: je, inayochezacheza ni taa moja au zote mbili?

Ikiwa ni moja, badilisha balbu ya kushoto na ya kulia. Tatizo likihama pamoja na balbu, balbu ndiyo mbovu. Likibaki upande ule ule, balbu ni nzima. Tafuta soketi iliyolegea, waya uliokatika ndani ya mpira, au masi mbaya, yaani mahali ambapo waya hasi umefungwa kwenye bodi ya gari. Matope na maji ya mvua huleta kutu hapo, na mtikisiko wa barabara hulegeza bolti.

Ikiwa zote mbili zinacheza, angalia vitu ambavyo taa zote zinavitegemea: vichwa vya betri, relei, swichi na alternata. Mwanga unaopanda na kushuka kufuatana na mlio wa injini huelekeza kwenye alternata au kidhibiti chake. Fundi mwenye mita atapima betri: injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6, injini ikiwaka, kwa kawaida huwa kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikibaki chini ya 13, balbu mpya haitasaidia.

Kwa balbu ya halojeni hasara huwa kubwa: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. LED hufanya tofauti. Kisanduku chake cha umeme hujitahidi kushikilia mwanga, na kikishindwa huwasha na kuzima.

Joto na Toyota za H4

Taa ikiwaka vizuri kwa dakika 15 au 20 kisha ikaanza kucheza, shuku joto. Balbu nyingi za LED zina feni ndogo nyuma yake. Vumbi la kiangazi likiikwamisha, au kifuniko cha mpira kikiibana, balbu hupata moto na kujipunguza au kuzimika.

Lipo pia jambo linalowachanganya hata mafundi. Kwenye Toyota nyingi zenye balbu za H4, mwanga mrefu na mfupi huwashwa kwa kukata na kuunga upande wa hasi, si wa chanya. Baadhi ya LED hazikutengenezwa kwa mpangilio huo: hukataa kuwaka, huwaka hafifu, au hucheza. Muulize muuzaji kabla ya kulipa kama balbu inakubali mifumo yote miwili.

Usikubali fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya mahali pa fyuzi. Balbu ya halojeni ya wati 55 huvuta karibu ampea 4.6 kwa volti 12. Fyuzi ikikatika kila mara, kuna waya unaogusa bodi, na kuiziba njia hiyo ni kukaribisha moto.

Mwanga unaomulika macho ya mwenzako

Taa ikishatulia, bado kuna kazi moja. Kongo huendesha upande wa kulia, lakini magari ya Japani yameundwa kwa barabara ya kushoto. Mwanga wao mfupi hupanda upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa njia. Huku, kushoto ndiko anakotokea dereva wa pili. LED kali ndani ya taa hiyo humpofusha kwenye kona, penye bonde upande wa pili.

Simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka kwenye ukuta, uone mwanga unapokatika. LED ya H4 ifungwe vipande vyake vya mwanga vikitazama kushoto na kulia, si juu na chini. Ukiweza, tafuta taa nzima za gari la usukani wa kushoto; kushusha mwanga husaidia, lakini hakuondoi ule mpando wa kushoto.

Kwa yote haya, gharama ya kuanzia ni ndogo: msasa wa kusugua kutu, vazelini kidogo kwenye vichwa vya betri, na nusu saa mchana, kabla ya safari. Anayesubiri usiku umkute mlimani atafanya kazi hiyo hiyo gizani, magari yakimpita.