Maziwa ya ngamia Eastleigh: hasara huanzia njiani

Februari na Machi, bei ya maziwa ya ngamia Eastleigh, Nairobi, hupanda bila mchuuzi kufaidi. Ni kilele cha kiangazi kaskazini, Jilaal kwa Wasomali, na Garissa na Wajir joto hupita nyuzi 35. Malisho yakiisha karibu na visima, ngamia huswagwa mbali na kutoa maziwa haba. Na hayo haba bado yana safari.

Hukamuliwa alfajiri, tuseme pande za Kulamawe, kaunti ya Isiolo, yakatiwa kwenye jerikeni zilizofukizwa moshi wa mzaituni-mwitu. Moshi huo huua vijidudu, nao ndio unaoyapa ladha wanayoisaka wateja wa Eastleigh. Pikapu huyafikisha Isiolo, ambako vyama vya akina mama kama Anolei huyapima, huyapoza na kuyapakia kwenye basi la Nairobi, karibu kilomita 300. Maziwa ya ngamia huchelewa kuchacha kuliko ya ng'ombe, lakini saa kadhaa juani juu ya pikapu hayazistahimili. Eastleigh, mama anayeyapokea hufungua kifuniko, akanusa, akamimina tone kiganjani na kulionja. Mazima huenda kwenye chai. Yaliyochacha huuzwa kama susa, yaani maziwa mgando ya ngamia, kwa bei ya kutupa, maana susa nzuri hugandishwa kwa makusudi katika chombo safi.

Kaskazi ikipisha kusi, Gu, yaani masika, huanza, kwa kawaida mwishoni mwa Machi au Aprili. Maziwa hujaa, bei hushuka, na barabara za udongo hugeuka tope. Lami nayo haina dhamana: mafuriko yaliikata barabara ya Garissa–Nairobi Novemba 2023, yakaikata tena msimu wa masika wa 2024.

Kabla ya hapo mvua zilikuwa zimekosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Wanaodhani mvua ikinyesha soko limepona wanasahau kwamba ngamia hubeba mimba miezi 13 hivi. Jike aliyepandwa mvua iliporudi hakukamuliwa hadi mwaka uliofuata.

Kwa maoni yangu, fedha zinamwagwa upande usiofaa. Majokofu Eastleigh yapo. Yanayohitajika zaidi ni matangi ya kupozea yanayotumia umeme wa jua huko maziwa yanakokusanywa, kabla pikapu haijaondoka. Kikwazo si bei ya mtambo peke yake. Wachuuzi na wafugaji wengi ni Waislamu wasiogusa mkopo wa riba. Dawa ipo: kwa murabaha, benki hununua mtambo na kumuuzia mteja kwa faida iliyokubaliwa, alipe kidogo kidogo. Benki za Kiislamu zimekuwapo Kenya tangu 2008, nazo hugharamia bidhaa za madukani Eastleigh kwa njia hiyohiyo. Zianze na Kulamawe, zipange malipo yafuate misimu: makubwa wakati wa Gu, madogo wakati wa Jilaal.